Kutoka Kadi ya Kamera hadi Flashi ya Mteja: Mwongozo Kamili wa Fomati za Video za DSLR

Wapiga video wa hapa Bagamoyo wanaoniletea kazi zao nizitazame huja na malalamiko yale yale. Harusi ilikuwa safi kwenye kioo cha kamera, lakini ilipofika kwenye televisheni ya bibi harusi ilikuwa na vijisanduku kwenye nyuso za watu, au mwendo wake ulikuwa wa kushtukashtuka, au faili haikufunguka kabisa. Nikiuliza nini kilifanyika katikati, majibu nayo hufanana: faili zilipitishwa kwenye programu ya kubadilishia fomati, zikabanwa tena baada ya kuhaririwa, kisha zikabanwa mara ya tatu ili ziingie kwenye flashi.

Njia iliyoelezwa hapa hubana picha kwa nguvu mara mbili tu: mara ya kwanza kamera yenyewe inaporekodi, na mara ya pili unapoandaa nakala ya kukabidhi. Yote yanayofanyika katikati hufanywa bila kuidhoofisha picha kwa kiasi cha kuonekana.

## Vinavyohitajika

- Kamera ya DSLR inayorekodi 1920 kwa 1080, pamoja na kadi za kumbukumbu zisizopungua mbili.
- Kompyuta yenye programu za MediaInfo, VLC, FFmpeg na HandBrake. Zote nne ni za bure.
- Programu ya kuhariri. Mifano yangu inahusu DaVinci Resolve, ambayo ina toleo la bure, lakini anayetumia Adobe Premiere Pro atafuata hatua zile zile.
- Diski mbili za nje. Mwenye diski moja hana akiba, ana bahati tu.
- Flashi ya majaribio na televisheni ya kawaida ya nyumbani.
- UPS, yaani betri inayoshikilia kompyuta umeme unapokatika, au kompyuta mpakato yenye betri nzima. Faili ya MP4 au MOV inayokatikiwa na umeme kabla ya kukamilika kwa kawaida haifunguki, kwa sababu orodha ya yaliyomo mara nyingi huandikwa mwishoni.

## Kabla ya kuanza: kapu na samaki

MP4 na MOV ni makapu. Kilichomo ndani, yaani video iliyobanwa kwa kodeki (mbinu ya kubana na kufungua video) fulani, ndicho samaki. Kapu lile lile linaweza kubeba samaki mbichi, wa kukaanga au ng'onda, na huwezi kujua kwa kulitazama kwa nje. Kwa hiyo kubadilisha jina la faili kutoka MOV kuwa MP4 hakubadilishi chochote ndani yake, na kauli kwamba «televisheni yangu inasoma MP4» haitoshi mpaka ujue ni kodeki gani iliyo ndani ya hiyo MP4.

Jambo la pili ni hesabu ya ukubwa, ambayo utaitumia kila siku. Chukua kiwango cha biti, yaani kiasi cha data kwa kila sekunde, kwa megabiti, zidisha kwa idadi ya sekunde, kisha gawanya kwa 8. Jibu ni megabaiti. Video ya megabiti 8 kwa sekunde hula megabaiti 60 kwa dakika.

## Hatua ya 1: Pangilia kamera kwa umeme wa hapa

Fungua menyu ya kamera na uchague mfumo wa PAL (wa nchi zenye umeme wa hezi 50) badala ya NTSC (wa zile za hezi 60), kisha fremu 25 kwa sekunde, ukubwa wa 1920 kwa 1080. Weka shata, yaani muda ambao kila fremu hupokea mwanga, kwenye 1/50 ya sekunde.

Sababu ni umeme wetu wa hezi 50. Taa nyingi za mirija na za LED za bei nafuu hupanda na kushuka mwanga mara 100 kwa sekunde, nasi hatuoni kwa macho. Shata ya 1/50 hunasa mipando miwili kamili na ya 1/100 hunasa mmoja kamili, kwa hiyo mwanga hutulia. Shata ya 1/60, ambayo ndiyo desturi ya wanaorekodi kwa NTSC fremu 30, hunasa mpando mmoja na kipande, na hapo mistari myeusi huanza kupanda au kushuka kwenye picha.

Niliwahi kurekodi sherehe nzima ya kumuaga binti kwenye ukumbi mmoja wenye taa za mirija, kamera ikiwa bado kwenye NTSC kama ilivyotoka dukani. Mistari ile niliiona nyumbani tu, na hakuna programu iliyoniondolea kwa namna ya kuridhisha.

Sababu ya pili huonekana baadaye mezani. Ukirekodi kwa fremu 30 na kukabidhi kwa fremu 25, programu inalazimika kutupa fremu tano katika kila thelathini, na kitu kinachokatiza picha kwa mwendo laini, kama tanga la jahazi linalopita mbele ya pwani, huanza kurukaruka.

Fremu 50 zitumie pale tu unapotaka mwendo wa taratibu, na shata iwe 1/100. Kumbuka kwamba DSLR nyingi za zamani hutoa fremu 50 kwenye ukubwa wa 1280 kwa 720 peke yake, hivyo picha hiyo itakuzwa mara moja na nusu kwenye uhariri na italegea kidogo.

Tahadhari: taa za jukwaa zenye vidhibiti vyake zenyewe, na ukumbi unaoendeshwa na jenereta isiyotulia, vinaweza kuleta mistari hata kwenye 1/50. Rekodi nusu dakika ya majaribio kabla ya shughuli na uitazame kwenye kioo ukiwa umeikuza.

Umefaulu iwapo: ukuta mweupe ulio chini ya taa za ukumbi unaonekana umetulia, hauna mistari wala kupepesa.

## Hatua ya 2: Chagua namna kamera itakavyobana

DSLR nyingi hurekodi kwa kodeki ya H.264, na baadhi hukupa uchaguzi wa IPB au ALL-I. Katika IPB, fremu chache tu huhifadhiwa nzima. Zilizobaki huandikwa tofauti zake peke yake, zikitegemea jirani zake. Katika ALL-I kila fremu hujitegemea.

Tofauti ya uzito ni kubwa. Kwenye Canon EOS 5D Mark III, IPB ya 1920 kwa 1080 hula takribani megabaiti 235 kwa dakika, na ALL-I takribani megabaiti 685. Kadi ya gigabaiti 16 hujaa baada ya saa moja na dakika chache kwa IPB, lakini kwa ALL-I hujaa baada ya dakika 22 tu.

Ushauri wangu ni IPB kwa harusi, mihadhara na mahojiano, na ALL-I kwa maonyesho mafupi yenye mwendo mwingi. Vitu vinavyoitesa kodeki ni vile ambavyo kila sehemu ya picha hubadilika kwa wakati mmoja: mawimbi yanayovunjika, makuti ya minazi kwenye upepo, vumbi na njuga za wacheza ngoma. Magofu ya Kaole yakipigwa kamera ikiwa juu ya tripodi hayataiona tofauti, lakini ngoma kwenye jukwaa la TaSUBa, chuo cha sanaa cha hapa Bagamoyo, itaiona.

Ukichagua ALL-I, tumia kadi yenye alama ya U3, ambayo imehakikishiwa kuandika megabaiti 30 kwa sekunde au zaidi. Kadi dhaifu husababisha kamera isimame yenyewe katikati ya tendo.

Usishtuke ukikuta klipu moja ndefu imegawanyika kuwa faili kadhaa. Kamera nyingi hukata faili inapofika gigabaiti 4, na nyingi pia hukoma kurekodi kabla ya kutimia dakika 30. Vipande vya aina ya kwanza hufuatana, nawe utavipanga mfululizo kwenye uhariri. Katika aina ya pili lazima wewe mwenyewe ubonyeze kitufe tena, kwa hiyo katika hotuba ndefu usubiri mahali ambapo watu wanapiga makofi, usimamishe, na uanze upya.

## Hatua ya 3: Nakili kadi nzima, mara mbili

Nakili folda yote kama ilivyo kwenye diski ya kwanza na ya pili. Usibadilishe majina ya faili wala usichague «nzuri» peke yake kwa wakati huu. Kadi isifomatiwe bado.

Umefaulu iwapo: idadi ya faili na jumla ya ukubwa vinalingana kwenye diski zote mbili, na klipu ya mwisho inacheza hadi mwisho wake.

## Hatua ya 4: Soma faili kabla ya kuigusa

Fungua klipu moja kwenye MediaInfo. Tazama kodeki, ukubwa wa picha, kasi ya fremu, kiwango cha biti na sauti. Klipu ya DSLR iliyopangwa kama hatua ya 1 itaonyesha H.264 (MediaInfo huiandika AVC), 1920 kwa 1080, fremu 25 zisizobadilika, na sauti ya kilohezi 48.

Soma pia klipu ulizopewa na ndugu wa bwana harusi kutoka kwenye simu zao, kwa maana hapo ndipo mtego ulipo. Simu nyingi hurekodi kwa kasi ya fremu inayobadilika kadiri ya mwanga na joto la simu. Ukiziingiza hivyo kwenye uhariri, sauti huanza kuachana na midomo taratibu, na mtu hudhani kosa ni la maikrofoni. Klipu hizo zipitishe kwenye HandBrake: kasi ya fremu weka 25 na isiyobadilika, kiwango cha ubora cha RF (namba ikiwa ndogo, ubora ni mkubwa) weka 16.

## Hatua ya 5: Amua kama unahitaji kubadilisha fomati

Hapa ndipo wengi huharibu. Mtu hununua au hupakua programu inayoahidi kugeuza video kuwa «HD kamili», anazipitisha klipu zote, kisha anahariri matokeo. Alichofanya ni kuzibana upya kwa H.264 nyingine iliyo dhaifu kuliko ya kamera.

Picha ya DSLR ilishabanwa ndani ya kamera. Kilichotupwa pale hakirudi. Ng'onda akilowekwa maji hulainika na kupikika vizuri, lakini hageuki tena kuwa samaki mbichi. Kubadilisha klipu kwenda kodeki ya kuhariria kama ProRes au DNxHR ni kule kulowekwa: kunairahisishia kompyuta kazi, hakuongezi ubora.

Basi swali ni moja tu: je, kompyuta yako inacheza klipu asilia bila kukwama ndani ya programu ya kuhariri? Weka klipu tatu kwenye mstari wa uhariri, ongeza marekebisho ya rangi, kisha cheza na urudi nyuma kwa ghafla.

Ikicheza vizuri, usibadilishe chochote, nenda hatua ya 7. Faili asilia za kamera ndizo bora utakazowahi kuwa nazo.

Ikikwama, sababu kwa kawaida ni ule mtindo wa IPB: ili ikuonyeshe fremu moja, kompyuta inalazimika kuzikokotoa jirani zake kwanza. Hapo una njia mbili. Ya kwanza, ninayoipendelea kwa kompyuta zenye diski ndogo, ni kuiagiza DaVinci Resolve au Premiere itengeneze nakala nyepesi za kuhariria. Unakata na kupanga kwa nakala hizo, na wakati wa kutoa kazi programu hurudi yenyewe kwenye faili asilia. Ya pili ni kubadilisha klipu zote kwenda kodeki ya kuhariria, nayo inafaa pale mhariri ni mtu mwingine au kompyuta ni ya kuazima.

Kwa njia ya pili, piga hesabu ya nafasi kwanza. Kwa fremu 25 na ukubwa wa 1920 kwa 1080, ProRes LT huchukua takribani megabiti 85 kwa sekunde, ProRes 422 ya kawaida 122, na ProRes HQ 184. Saa mbili za klipu za IPB zenye megabiti 30, ambazo ni gigabaiti 27, zitakuwa karibu gigabaiti 77 kwa LT na gigabaiti 110 kwa ProRes 422. Kwa picha za DSLR za biti 8, LT inatosha kwa harusi, na ProRes 422 inatosha kwa kazi yoyote. HQ hujaza diski bila faida utakayoiona.

## Hatua ya 6: Badilisha, iwapo umelazimika

Ndani ya folda ya klipu, tengeneza folda nyingine iitwayo LT. Kisha fungua dirisha la amri la Windows mahali hapo na uandike mstari huu mmoja:

`for %f in (*.MOV) do ffmpeg -i "%f" -c:v prores_ks -profile:v 1 -c:a pcm_s16le "LT\%~nf.mov"`

Amri hii huchukua kila faili ya MOV, huigeuza kuwa ProRes LT, na kuiacha sauti bila kubanwa. Ukitaka ProRes 422 ya kawaida, badilisha namba 1 baada ya neno profile iwe 2. Kama kamera yako hutoa MP4, badilisha herufi zilizo kwenye mabano ya amri ziwe MP4.

Sikutaja kasi ya fremu wala ukubwa wa picha kwenye amri hiyo, na nimefanya hivyo kwa makusudi. Kilichorekodiwa kwa 25 kibaki 25.

Tahadhari: HandBrake haifai kwa hatua hii, kwa kuwa imetengenezwa kwa ajili ya faili za mwisho.

Umefaulu iwapo: idadi ya faili ndani ya LT ni sawa na ya asilia, urefu wa kila klipu umelingana, na kwenye mstari wa uhariri unaweza kurudi nyuma na kwenda mbele bila kompyuta kushika pumzi.

## Hatua ya 7: Pangilia mradi wa uhariri

Weka mradi kwenye 1920 kwa 1080 na fremu 25 kabla ya kuingiza klipu yoyote. Kwenye DaVinci Resolve, kasi ya fremu ya mradi hujifunga ukishaanza kuweka klipu, na anayegundua kosa baada ya siku mbili za kukata huenda akalazimika kuanza upya.

Klipu za fremu 50 zipunguze mwendo hadi asilimia 50, na kila fremu itapata nafasi yake kamili. Ukichagua asilimia 40 au 60, baadhi ya fremu zitarudiwa au kurukwa, na ulaini unapotea.

## Hatua ya 8: Toa faili kuu moja

Uhariri ukikamilika, toa nakala moja yenye ubora wa juu, nayo ndiyo itakayozaa nyingine zote. Tumia ProRes 422 au DNxHR SQ, sauti isiyobanwa ya kilohezi 48. Saa moja itakuwa karibu gigabaiti 55.

Kama diski hairuhusu, H.264 ya megabiti 50 kwa sekunde inakubalika, na saa moja itakuwa gigabaiti 22 na nusu. Wanaopenda usafi wa taratibu watanipinga, lakini nimetazama matokeo yote mawili kwenye televisheni ya inchi 55 nisione cha kumlipisha mteja diski nyingine.

Faida ya faili kuu huonekana mteja anaporudi baada ya mwezi akitaka nakala ya YouTube. Utaitoa kwenye faili hii, si kwenye ile ya flashi.

## Hatua ya 9: Toa nakala ya kila matumizi

Flashi ya televisheni. Kwenye HandBrake chagua MP4, kodeki ya H.264 kupitia x264, kiwango (Level) cha 4.1, fremu 25 zisizobadilika, sauti ya AAC ya kilobiti 192. Zima ukataji wa kingo wa moja kwa moja, kwa sababu programu inaweza kudhani giza la ukumbi ni ukingo wa picha. Kwa ubora, RF ya 20 inafaa, isipokuwa pale ukubwa wa faili ni lazima ujulikane mapema.

Na mara nyingi ni lazima, kwa kuwa flashi nyingi zimefomatiwa kwa FAT32, ambayo haikubali faili moja inayofikia gigabaiti 4. Harusi ya saa mbili kwa megabiti 8 ni gigabaiti 7.2, nayo haitaingia hata flashi iwe ya gigabaiti 64. Wengi hapo huibana hadi megabiti 4, na ndipo nyuso zinapogeuka vijisanduku. Afadhali kuigawa: nikahi, kisha sherehe, kila sehemu ikiwa chini ya dakika 70. Kwa wastani wa megabiti 7, dakika 70 ni takribani gigabaiti 3.8 pamoja na sauti, na inaingia bila shida. Kufomati flashi kwa exFAT ni njia nyingine, ila zipo televisheni zisizoisoma.

YouTube. Mtandao huo wenyewe unapendekeza megabiti 8 kwa sekunde kwa 1920 kwa 1080 ya fremu 24 hadi 30, na megabiti 12 kwa fremu 50 au 60, sauti ya AAC ya kilobiti 384. Kwa kuwa YouTube itaibana tena, mimi hupandisha hadi megabiti 16 iwapo bando linaruhusu. Dakika 10 zitakuwa gigabaiti 1.2 badala ya megabaiti 600.

WhatsApp. Ukituma kama video, programu huibana yenyewe bila huruma. Tuma kama dokumenti, inayoruhusu hadi gigabaiti 2, na faili itafika ilivyo. Kwa kionjo cha dakika moja, 1280 kwa 720 kwa megabiti 3 hutoa takribani megabaiti 23, ambazo hazimfilisi mpokeaji.

DVD. Wapo wazee wanaoitaka bado. Ni MPEG-2, 720 kwa 576, fremu 25. Acha programu ya kuchomea ifanye kazi hiyo kutoka kwenye faili kuu, na usimwahidi mteja ubora wa HD.

## Hatua ya 10: Jaribu mahali itakapotazamwa

Cheza flashi kwenye televisheni, si kwenye kompyuta, maana VLC hufungua karibu kila kitu na itakuficha makosa. Tazama dakika mbili za mwanzo, sehemu yenye watu wengi wanaocheza, na dakika tano za mwisho, ukiangalia midomo na sauti. Sauti ikiachana na midomo mwishoni peke yake, rudi hatua ya 4 utafute klipu ya simu iliyopita bila kurekebishwa. Vijisanduku vikionekana kwenye kucheza tu na si kwenye hotuba, ongeza kiwango cha biti na ufupishe sehemu. Picha ikikosekana huku sauti ikisikika, kodeki ndiyo iliyokataliwa. Rudi ukague kwamba ni H.264 ya biti 8.

Faili zote zikipita, nakili faili kuu kwenye diski zote mbili. Sasa kadi inaweza kurudi kwenye kamera na kufomatiwa humo humo, si kwenye kompyuta.